Makovu Matano Niliyoyaficha

Aliyekulia upande wetu wa Moshi anajua kupanda. Ukitoka mjini kwenda Uru, barabara inakupandisha, na ukishuka kwenye gari kinakungoja kinjia kinachokupandisha tena katikati ya migomba na mibuni mpaka mlangoni kwa mama. Kinjia hicho nimekipanda nikiwa na ndoo kichwani, nikiwa na mtoto mgongoni, na baadaye nikiwa na kilo 128. Desemba ya mwaka 2021 nilikuwa na kilo 74, na ndiyo siku kiliponishinda.

Nilipumzika mara nne. Mara ya nne nikakaa kwenye jiwe, moyo unapiga mpaka masikioni, macho yanaona vinyota. Binti yangu alinipokea mkoba akanitazama. "Mama, ulipokuwa mnene ulikuwa unapanda bila kusimama. Sasa imekuwaje?"

Jibu nilikuwa nalo, angalau nusu yake. Ila lilikuwa ndani ya siri niliyoifunga kwa miaka miwili na nusu, na dada yangu peke yake ndiye aliyeijua.

Juni 2019 nilipanda basi kwenda Nairobi. Nyumbani niliaga kwamba nafuata vitenge vya dukani, jambo ambalo halikumshangaza mtu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimeuza kiwanja. Nilikuwa na kisukari, presha, na magoti yaliyokuwa yakiniamsha usiku, na nilikuwa nimepungua na kunenepa tena mara nyingi kiasi cha kuacha kuhesabu. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kupitisha chakula njia ya mkato. Walitumia matundu madogo matano, nami nikarudi na makovu matano, hakuna hata moja linalofika urefu wa kiungo cha kidole.

Nataka niliseme hili mapema, asije mtu akasoma mengine akadhani najuta. Sijuti. Sukari yangu ilishuka ndani ya wiki chache, dawa za presha nikapunguziwa, na magoti yananiruhusu kulala. Upasuaji ulifanya kazi yake. Kazi iliyonishinda ilikuwa yangu.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi: vitamini na madini ya kunywa maisha yangu yote, na ratiba ya kupima damu, baada ya miezi mitatu, kisha mara kwa mara mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka bila kukosa. Karatasi hiyo niliichana vipande kabla hatujafika mpakani Namanga. Niliogopa mtu ataikuta kwenye mkoba. Vidonge vyenyewe nilivitia kwenye chupa nyingine na kuvinywa kwa miezi sita, na vilipoisha nikajiambia mbona najisikia vizuri.

Kwa nini nilificha? Anayeishi miji yetu hahitaji maelezo marefu. Kwetu mwili mnene ni shibe, ni dalili kwamba mambo yako yamekaa sawa. Mwanamke anayelipa fedha ya kiwanja akatwe tumbo ili ale kidogo, ataelezwaje kwenye kikao cha ukoo? Watasema ana kiburi cha pesa, au ni mvivu wa jembe. Basi nikanyamaza, na kilo zilipoanza kuporomoka watu wakajaza wenyewe pale nilipoacha wazi. Wengine walisema nina ngoma. Niliyasikia kwa masikio yangu sokoni Mbuyuni, nyuma ya mgongo wangu, na niliona ni afadhali waseme hivyo kuliko nitamke ukweli. Nikikumbuka hilo leo bado naumia, kwa ajili yangu na kwa ajili ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao jina lao lilitumika kama tusi.

Sasa niwaeleze kilichotokea ndani ya mwili, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipo, na hakuna aliyenieleza kwa Kiswahili mpaka nilipokuwa nimelala kitandani na sindano mkononi.

Chakula cha kawaida kikishuka huingia kwenye mfuko wa tumbo, ambamo kuna tindikali. Kutoka hapo huingia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, inayoitwa duodenamu, kipande kifupi cha sentimita 25 hivi. Madini ya chuma karibu yote hufyonzwa hapo na mbele yake kidogo tu, na chuma kinachotoka kwenye mboga, nafaka na vidonge kinahitaji ile tindikali kwanza ili kigeuke umbo ambalo utumbo unaweza kulipokea. Katika upasuaji wangu, tumbo lilikatwa likabaki kijifuko kidogo kama yai, kisha utumbo ukaunganishwa nacho kwa chini, chakula kikaruka duodenamu yote. Tindikali imebaki kidogo. Mlango wa chuma umerukwa. Na mimi mwenyewe nyama ilikuwa imeanza kunishinda, kipande kikubwa kidogo tu kinakwama kifuani kama jiwe, basi nikaiacha. Ongeza hedhi ya siku saba kila mwezi. Hesabu hiyo haikuwa na namna ya kuisha vizuri.

Tena si jambo lililogunduliwa jana. Upasuaji huu wa kuruka njia ulianzishwa mwaka 1966 na daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda waliokatwa sehemu ya tumbo walikuwa wakipungua uzito. Na hao waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda walikuwa tayari wanajulikana kwa kuishiwa damu miaka inayofuata. Kwa hiyo ile karatasi niliyoichana njiani ilikuwa na ujuzi wa vizazi vya wagonjwa walionitangulia.

Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne tu za chuma. Ndizo zote. Kila siku uboho unahitaji miligramu 20 na zaidi kutengeneza seli nyekundu mpya, na karibu zote hutoka kwenye seli za zamani, ambazo huishi siku 120 kisha huvunjwa na chuma chake kurudishwa kazini. Chakula kinaleta miligramu moja au mbili tu za kufidia kinachopotea. Ndiyo maana upungufu hauji kwa kishindo. Kwanza unakula akiba, kimyakimya, na kipimo cha kawaida cha wingi wa damu kinaweza kusoma vizuri tu wakati ghala limebaki vumbi. Mimi nilikula akiba yangu karibu mwaka mzima bila kujua.

Dalili zilikuja moja moja, na kila moja ilipata jina lisilo lake.

Nywele zilianza kutoka, nikasema ni kupungua. Kucha zikawa laini, zikapinda kwenda juu kama vijiko. Pembe za mdomo zikapasuka, nikapaka mafuta. Usiku miguu ilikuwa na kitu kama wadudu ndani ya mifupa, nikawa naitembeza sebuleni saa nane za usiku. Uchovu ulikuwa na aina yake, si ule wa kufanya kazi. Nilikuwa nachoka kabla ya kuanza. Mteja akiomba doti ya kitenge iliyo rafu ya juu, naanza kuangalia kama kuna nyingine ya chini inayofanana.

Duka la dawa la jirani walinipa dawa ya malaria mara mbili bila kipimo. Nikapewa ya minyoo. Nikanywa juisi ya rozela na bitiruti mpaka nikaichoka, maana kila mwenye huruma na mimi aliniambia inaongeza damu. Juisi ile ni nzuri kama juisi, ila chuma chake ni kidogo mno kumfaa mtu wa hali yangu.

Kisha likaja suala la udongo. Wanawake mtanielewa. Pale sokoni kuna vile vipande vya udongo wa kuokwa, pemba, wanavyopenda wajawazito. Nilianza na kimoja. Baadaye nikawa nanunua wa shilingi elfu moja kwa siku, nauficha chini ya mashine ya kushonea, na ukiisha natafuna barafu. Harufu ya vumbi mvua inapoanza kunyesha ilikuwa inanijaza mate. Mwenzangu wa duka la pili akaanza kunipongeza kwa sauti ya chini. Nilikuwa na miaka 41 na sikuwa na mimba.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kutamani udongo, barafu au mchele mbichi ni dalili inayojulikana kabisa ya kukosa madini ya chuma, kwa mjamzito na kwa asiye mjamzito. Na udongo wenyewe unaweza kushika chuma tumboni kisifyonzwe. Yaani kadiri damu ilivyonituma udongo ndivyo udongo ulivyozidi kunipunguzia damu.

Mwezi Oktoba nilikwenda kituo cha afya, wakanitoa tone la damu kidoleni, wingi wa damu ukasoma 8.9. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Nesi, dada mpole sana, aliniuliza, "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

Nikasema hapana.

Akaandika hapana. Kwa mwanamke wa umri wangu ambaye hajawahi kufanyiwa upasuaji na ana hedhi nzito, alichonipa kilikuwa cha kawaida kabisa: vidonge vya chuma viitwavyo fefo, vile vyekundu wanavyopewa wajawazito, kimoja mara tatu kwa siku. Sina neno la kumlaumu. Alitibu mwili nilioueleza, na huo haukuwa mwili wangu.

Fefo nilivinywa kwa uaminifu. Nilivinywa na chai ya maziwa, kwa sababu ndivyo ninavyonywa kila kidonge. Choo kikawa cheusi, tumbo likasokota, na baada ya miezi miwili nikashindwa kupanda kwa mama.

Krismasi kwetu hamna haja ya kuelezwa. Watu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina moshi. Mbuzi alichinjwa asubuhi. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini na macho yake bado ni makali kuliko mashine yoyote niliyowahi kupimwa nayo. Alinivuta nyuma ya jiko, akanishusha kope la chini kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto. Akaangalia. Akaangalia na jicho la pili. Kisha akaenda mwenyewe kwenye sufuria akanichotea kisusio, ile supu ya damu na nyama ambayo kwetu hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua.

"Kunywa," akasema. "Huna damu kabisa. Unaonekana kama mzazi wa jana."

Nikanywa vijiko vitano nikashiba. Tumbo langu halikuwa na nafasi ya zaidi. Akaliona bakuli limejaa, akadhani nimekataa chakula chake, na uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijaisahau. Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, tukiwa tumekaa kwenye vigoda viwili, moshi unatuingia machoni: kiwanja, Nairobi, vitenge ambavyo havikuwepo, karatasi niliyoichana. Nikamfunulia makovu.

Hakupiga kelele. Aliyagusa moja moja akihesabu. Kisha akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Na wewe umeficha mpaka damu imekwisha." Akanifunika nguo, na Januari akateremka nami mjini tukaenda wote hospitali.

Niseme kidogo kuhusu ile kisusio, kwa kuwa nilimuuliza daktari akanijibu kwa heshima. Wazee wetu hawakukosea. Chuma kilicho kwenye damu, maini na nyama nyekundu ni cha aina nyingine, kinaingia mwilini kwa urahisi mara kadhaa kuliko cha mchicha au maharage, na hakitegemei sana tindikali. Mzazi aliyepoteza damu akapewa damu, mlaso au kisusio, alikuwa anapewa dawa. Ila kwa mtu ambaye ghala lake ni tupu na mlango wake umerukwa, chakula peke yake hakiwezi kulijaza tena. Kinaweza kusaidia kulilinda likishajazwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini. Alipouliza swali lile la upasuaji, mama alinikanyaga mguu kabla sijafungua mdomo. Nikasema ndiyo. Aliweka kalamu chini akaniomba nilale, akayatazama makovu, akauliza kama njia ilirukwa au tumbo lilipunguzwa tu, mwaka gani, nakunywa nini. Halafu akaandika vipimo ambavyo havikuwahi kuandikwa: picha kamili ya damu, feritini, vitamini B12 na foleti.

Majibu: wingi wa damu 7.2. Seli ndogo, zimefifia. Feritini, kile kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma ghalani, 4. Wengi huhesabu chini ya 30 kwamba akiba imekwisha kwa mtu wa upasuaji kama wangu. B12 nayo ilikuwa chini, kwa sababu nayo inahitaji tumbo zima ili ifyonzwe.

Nilidhani nitaongezewa damu ya chupa. Alikataa, na alinieleza kwa nini: moyo wangu ulikuwa unahimili, sikuwa natoka damu kwa wingi, na damu ya mtu ina hatari zake na ina wanaoihitaji zaidi. Damu ya chupa ingenipandisha wiki hiyo na kuniacha na ghala lilelile tupu. Alitaka kujaza ghala.

Kwanza lakini akatafuta panapovuja. Hili nawaomba mlitie maanani, kwa kuwa si kila upungufu baada ya upasuaji ni wa kufyonza tu. Pale utumbo ulipounganishwa na kijifuko panaweza kuota kidonda kikavuja damu kidogo kidogo. Akauliza natumia dawa gani za maumivu. Diklofenaki, nikasema, nanunua tu nikiwa na magoti mabaya. Aliipiga mstari mwekundu. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake ni haramu kwa mtu aliyeruka njia kama mimi. Nilipitishwa kamera tumboni, kidonda hakikuwepo, ila alisema nilikuwa nikicheza na moto. Upande wa kizazi walikuta vivimbe vidogo vinavyoongeza hedhi, na hiyo ikawa na matibabu yake.

Kuhusu fefo, alinichorea. Ini linatengeneza homoni inayoitwa hepisidini, ambayo ni kama mlinzi wa geti. Ukimeza dozi kubwa ya chuma, mlinzi anashtuka anafunga geti kwa karibu siku nzima, na vidonge vinavyofuata vinazunguka nje vikikusokota tumbo. Ndiyo maana siku hizi watu wengi wanaomeza chuma wanashauriwa kidonge kimoja siku moja, kupumzika siku inayofuata, wala si vitatu kila siku. Na mimi juu ya mlinzi nilikuwa sina hata hilo geti lenyewe, na nilikuwa nashushia kwa chai na maziwa. Chai na kahawa zina vitu vinavyokamata chuma, na kalsiamu ya maziwa inagombania nacho njia. Mtoto wa wakulima wa kahawa, nimekulia kwenye kikombe, nikaambiwa kikombe kisikae karibu na sahani.

Basi chuma changu kilipaswa kuingia kwa mshipa. Akaniandikia hesabu kwenye kipande cha karatasi, na hicho sikukichana, ninacho mpaka leo. Wanaita kanuni ya Ganzoni. Unachukua uzito, 74. Unazidisha na pengo la damu, kutoka 7.2 kwenda 15, yaani 7.8. Unazidisha na 2.4. Unaongeza 500 za akiba. Ikaja karibu miligramu 1,885. Kwa mara ya kwanza uchovu wangu ulikuwa na kipimo, ulikuwa deni lenye tarakimu. Niliangalia ile namba nikalia, na mama akanipa khanga yake.

Dawa iliyopatikana ilikuwa chuma cha sukrosi, miligramu 200 kwa mara moja, mara mbili kwa wiki. Zipo aina nyingine ambazo unaweza kupata miligramu 1,000 kwa siku moja, bei yake iko juu zaidi. Mimi nilihudhuria mara tisa. Dripu yenyewe ni ndogo, rangi yake kahawia iliyokolea kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na inachukua nusu saa hivi. Mdomoni unasikia ladha ya sarafu. Nesi alikuwa ananiangalia mwanzo, katikati, na nusu saa baada ya kumaliza, kwa sababu kuna watu wachache ambao mwili huikataa kwa ghafla, na pia ikivuja nje ya mshipa inaacha doa kwenye ngozi lisilotoka. Ndiyo maana sitaki kusikia mtu anachomewa chuma nyumbani au nyuma ya duka la dawa. Hii ni ya hospitali, penye dawa za kukuokoa mkononi, na baada ya kupimwa, maana chuma kikizidi nacho ni sumu.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa udongo. Baada ya dripu ya tatu, nilifika dukani, nikaufungua ule mfuko chini ya mashine, nikaunusa, sikusikia chochote. Ilikuwa ardhi tu. Niliumwaga uani. Miguu ikatulia usiku. Damu yenyewe ilipanda taratibu, kama alivyoniambia, kwa kuwa uboho unahitaji muda wa kufanya kazi: baada ya wiki nne 9.6, mwezi wa tatu 12.4. Feritini hakuipima upesi, alisema ukiipima mara tu baada ya dripu inadanganya, inasoma juu. Baada ya wiki nane ilikuwa 160. Pasaka nilikipanda kile kinjia bila kukaa kwenye jiwe. Binti yangu alikuwa nyuma yangu, kwa makusudi, akinihesabia hatua.

Lakini ghala langu linavuja daima na mlango haurudi. Mwaka uliofuata feritini ilikuwa imeshuka hadi 28, wingi wa damu bado 12.1, sijisikii lolote. Kwa kipimo cha kidoleni ningeambiwa niko salama. Nikapata dripu nyingine chache kabla ya kuanguka, na ndivyo tunavyokwenda: kila miezi sita picha kamili ya damu pamoja na feritini, sindano ya B12 kila mwezi, vitamini zangu kila siku, kidonge cha chuma siku moja ndiyo siku moja hapana pamoja na chungwa, na kalsiamu saa nyingine kabisa. Maini nayasaga laini kwenye mtori, hivyo yanapita. Ni gharama, si ndogo, na nasikitika kwamba nilipouza kiwanja niliifanyia hesabu ile siku ya upasuaji tu.

Mwezi uliopita dada mmoja alinipigia kutoka Arusha, namba yangu amepewa na mtu wa mtu. Alikuwa ananong'ona. Alifanyiwa miaka mitatu iliyopita, mume hajui. Nikamuuliza kama anatafuna barafu. Kimya kikawa kirefu, kisha nikasikia analia. Sikumwambia amwambie mume, hilo ni la kwake. Nilimwambia amwambie daktari, aseme jina la upasuaji na mwaka wake, na aombe feritini kwa jina. Kesho yake alinitumia picha ya fomu ya maabara.

Mama sasa anapiga simu kila siku mchana. Haulizi hali, anauliza saa. "Umekula saa ngapi?" Nikisema saa saba, anahesabu kimya kidogo, namsikia anavyohesabu. "Basi chai bado," anasema. "Saa tisa. Nitakupigia."